Bi harusi wangu amegeuka mtu mwingine kwenye picha

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa ngazi ya cheti katika fani ya upigaji picha hapa Dar es Salaam, na sasa niko muhula wa pili. Siku za Jumamosi ninamsaidia mpiga picha mmoja wa harusi ambaye amekubali nijifunzie kwake, na huko ndiko lilikotokea jambo linaloninyima usingizi hadi leo.

Wiki tatu zilizopita Bosi aliamka na homa kali, akaniachia harusi nzima katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Bi harusi ni mweusi wa kung'aa, shela yake ilikuwa nyeupe pe, na bwana harusi alivaa suti nyeusi. Nilitumia kamera ya chuo pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, nikaiacha kamera ijiamulie kiasi cha mwanga kwa sababu niliogopa kukosea siku ya watu. Nilipozifungua picha nyumbani, nilikuta shela inaonekana hadi ushanga mmojammoja wa kifuani, lakini uso wa mwenye shela umezama gizani. Picha za ndugu wakiingia na zawadi huku wakicheza zilikuwa zimetikisika, na zile za kukata keki zilikuwa za zambarau kwa sababu ya taa za ukumbi.

Nilikesha siku nne nikihariri picha 412. Niliongeza mwanga wa picha nzima, nikatumia mpangilio wa rangi wa kununua ambao wenzangu wote wanautumia, nikasukuma kitelezi cha rangi ya chungwa hadi ngozi ikawa nyeupe, kisha nikailainisha. Bosi aliziona akasema ni nzuri, kwamba wateja wanapenda weupe. Mama wa bi harusi alipopelekewa albamu, aliifunua kurasa tatu, akaifunga, akasema, "Huyu siyo niliyemzaa." Bado hajamalizia malipo, na sidhani kwamba tatizo ni fedha.

Mwalimu wetu chuoni anasema kosa langu ni kutegemea kompyuta. Rafiki yangu anasema kamera hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu, hivyo nisijilaumu. Nimeweka akiba ya shilingi laki nane, na ninajiuliza kama ninunue kamera yangu mwenyewe au nilipie mafunzo ya uhariri. Tena, kila picha kwenye kadi ya kumbukumbu ina mafaili mawili kwa sababu ndivyo kamera ya chuo ilivyopangwa. Hayo makubwa programu yangu inakataa kuyafungua, na ninataka kuyafuta ili nipate nafasi kwa harusi ya Jumamosi ijayo. Naomba unishauri nishike lipi.

Mwanafunzi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujazungumza lolote, hayo mafaili makubwa usiyafute. Nenda kanunue kadi nyingine kwa harusi ya Jumamosi, hata kama itakubidi uimege akiba yako, kisha yanakili mafaili ya harusi ile mahali pawili tofauti. Hayo ndiyo mafaili ya RAW, yaani taarifa zote ambazo kamera ilizipokea kabla haijazipunguza na kuzifunga katika JPEG, lile faili dogo la kawaida la picha. Ulichokuwa ukikihariri usiku huo wote ni masalio. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukichukua uso uliozama gizani kwenye JPEG ukauvuta juu, unavuta ngazi chache mno zilizobaki kule chini, ndiyo maana ngozi inapata mabaka, inapauka, nawe unalazimika kuilainisha ili kuyaficha. Programu yako inakataa kuyafungua pengine kwa sababu ni ya zamani kuliko kamera. Kipo kigeuzi cha bure cha Adobe kinachoyabadilisha kuwa DNG, aina ya RAW ambayo programu za zamani nyingi huisoma, na zipo pia programu za darktable na RawTherapee ambazo hazilipiwi hata senti.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Mwalimu wako hajakosea, lakini amekuambia nusu. Kompyuta haikukuponza, kilichokuponza ni mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera, ambayo uliiachia uamuzi bila kujua inavyofikiri. Mita haijui harusi, wala haimtambui bi harusi. Imefundishwa jambo moja tu, kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, ni kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukiijazia fremu shela nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza mpaka shela ikaribie kijivu, na uso ulio juu ya shela hiyo unazama pamoja nayo. Ukiigeuzia kwa bwana harusi aliyesimama na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na uso wake unapauka. Kwa hiyo katika ukumbi uleule, dakika ileile, kamera ileile ilikuwa ikikupa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili kwa mtazamo wake ni sahihi.

Nilifanya kosa hilohilo nikiwa na umri kama wako, enzi za filamu ya picha 36, wakati ambapo huwezi kuona ulichokipiga hadi maabara ikurudishie bahasha. Baba wa bi harusi alizipanga picha zangu mezani moja baada ya nyingine, kimya, akaniuliza mwanawe ni yupi. Sikuwa na kompyuta ya kukimbilia. Kwa hiyo ninapokuambia nakuelewa, sisemi kwa adabu tu.

Dawa yake ni kuipima sehemu unayoijali badala ya fremu nzima. Kamera yako ina namna ya kupima kwa nukta, ambapo inasoma eneo dogo tu la katikati. Ipange hivyo, weka nukta shavuni mwa bi harusi, upande ule unaopokea mwanga. Lakini hapa pana mtego ambao wengi hawauoni: hata ukipima usoni, mita bado itataka kuufanya uso huo kuwa kijivu cha wastani. Kwa mtu mwenye rangi ya maji ya kunde utakuwa karibu na ukweli. Kwa mweusi wa kung'aa kama bi harusi wako, ukiifuata mita bila kuikosoa utamfanya mweupe kuliko alivyo, na shela yake itaungua kabisa, yaani itabaki weupe mtupu usio na ushanga. Punguza karibu hatua moja (kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) kwa ile alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiamua kuipima shela, fanya kinyume: ongeza kati ya hatua moja na nusu na mbili, ndipo itakapokuwa nyeupe yenye ushanga unaoonekana.

Iko njia nyingine, na mimi ndiyo ninayoipenda kwa kuwa haihitaji kumwomba mtu asimame. Nyoosha kiganja chako cha mkono mahali penye mwanga uleule unaomwangukia bi harusi, kijaze katika nukta ya mita, kisha ongeza hatua moja juu ya kipimo hicho. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao, na hicho cha kwako unatembea nacho kila siku. Weka thamani hizo kwa mkono, kamera isiruhusiwe kubadilisha chochote, na maadamu maharusi hawajatoka katika mwanga huo huna sababu ya kugusa kitu, hata akipita mbele yako shangazi aliyevaa dhahabu tupu.

Jizoeze nyumbani kabla ya Jumamosi. Mkalishe mdogo wako karibu na dirisha lisiloingia jua moja kwa moja, mvike shati jeupe, piga. Mvike shati jeusi, piga tena bila kubadilisha chochote. Halafu rudia yote mawili huku kamera ikijiamulia. Ziangalie hizo picha nne kwa pamoja. Uso katika mbili za kwanza utakuwa uleule, na katika mbili za pili utakuwa wa watu wawili. Nina hakika saa moja ya zoezi hilo itakufaa kuliko video 20 za mafunzo.

Dirisha nimelitaja kwa makusudi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, yaani kwa namna inavyourudisha mwanga kwenye kipaji, kwenye shavu, kwenye mgongo wa pua, kwa hiyo chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa na kikija kwa ubavu, uso unajichonga wenyewe. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera, ikimpiga mtu usoni kwa mbele, inamwachia kidoa cheupe kwenye paji la uso na kuua mengine yote. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako nchini Mali mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Zitazame picha zake. Weusi wake una ngazi nyingi kiasi kwamba unaweza kutofautisha ngozi ya mtu na kivuli cha kilemba chake, na hakuna aliyefanywa mweupe ili aonekane.

Hilo linanifikisha kwa rafiki yako, ambaye ana ukweli kidogo mkononi. Kwa miaka mingi maabara za picha za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizokuja kuitwa Shirley, na ngozi zetu zilitoka vyovyote zilivyotoka. Msukumo wa kuboresha filamu ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi zao za kahawia zionekane vizuri. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Historia hiyo ni ya kweli na inauma. Hata hivyo, kihisi cha kamera uliyoishika kinahesabu mwanga tu, na katika faili la RAW hakuna aliyekwisha kukuamulia rangi ya ngozi. Aliyeamua usiku ule ni wewe, kwa kitelezi cha chungwa.

Tukiseme basi kitelezi hicho. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, kwa hesabu za kompyuta huangukia zaidi katika chungwa na nyekundu. Unapopandisha mwangaza wa chungwa peke yake, unaipandisha ngozi bila kupandisha nywele, nyusi, macho na midomo kwa kiwango kilekile. Uwiano wa uso unavunjika. Kivuli kilicho chini ya shavu kinatoweka, pua inatandazika, na ukiongezea ulainishaji, vinyweleo na mikunjo midogo ya kucheka inafutika. Mama yule hakuhitaji kujua lolote kuhusu programu. Alimkosa mwanawe kwa sababu alama anazomtambulia ulikuwa umezifuta. Mimi huo nauita mkorogo wa kompyuta, na kama ule wa dukani, ukishazoea kuupaka unaanza kuona kila uso wa asili umefifia.

Hariri hivi. Fungua RAW, rekebisha kwanza usawa wa weupe, yaani iambie programu kipi ni cheupe, kwa kubofya sehemu ya shela iliyopigwa na mwanga mweupe, usibofye iliyopigwa na taa za rangi. Kisha pandisha mwanga wa picha kidogo tu, mpaka shela ikaribie kuungua, ukiangalia histogramu, ile chati ya mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia. Baada ya hapo chukua brashi, uupake uso pekee na shingo na mikono, uongeze hatua moja au zaidi kidogo hapo. Chenga, vile vidoadoa vya sehemu iliyokuwa gizani, zitajitokeza. Ziache baadhi; picha yenye chenga inayomwonyesha mtu ni bora kuliko iliyolainishwa inayomficha. Ule mpangilio wa kununua uweke pembeni kabisa kwa picha hizi, kwa sababu aliyeutengeneza hakuwa katika ukumbi wenu. Weka kando ya kioo picha moja ya bi harusi iliyopigwa mchana, labda ile ya nje kabla ya kuingia ukumbini, uitazame kila baada ya dakika chache. Na kioo cha kompyuta usikipandishe mwanga hadi mwisho usiku, maana utahariri gizani ukidhani kuna nuru, na chapa itakuumbua.

Picha za zambarau zina shida nyingine. Taa za rangi zikiwa kali, sehemu ya bluu inajaa na ya kijani inabaki karibu na sifuri, na hakuna usawa wa weupe utakaorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa. Zile zilizozidi zigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Siku nyingine, mapema kabla wageni hawajaingia, nenda kwa fundi wa taa, msalimie vizuri, mwombe akuwekee taa nyeupe juu ya maharusi wakati wa kukata na kulishana keki. Ni dakika 10, na wengi hukubali. Mshereheshaji naye mjulishe, asije akaamuru taa zizimwe.

Fedha zako usizinunulie kamera. Kamera ya chuo inatosha kwa sasa, na mafunzo ya uhariri ya kulipia yanaweza kusubiri. Lenzi yako ikiwa kwenye milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kila kampuni kubwa ni miongoni mwa za bei ndogo, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake, pale ulipopiga ndugu wakicheza, tuseme kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/30 ya sekunde, na wakatikisika, ungepiga kwa 1/250 bila kugusa ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa watu wawili walioketi pamoja ifunge hadi f/2.8, la sivyo bwana harusi atatoka na ukungu usoni. Kitakachobaki nunua flashi yenye kichwa kinachogeuka, hata iliyotumika, uielekeze kwenye dari au ukuta mweupe. Angalia kwanza dari yenyewe: kumbi zetu nyingi hufunikwa vitambaa vya mapambo, na mwanga ukigonga kitambaa cha waridi utarudi ukiwa wa waridi.

Kuhusu Bosi wako, usimpinge mbele ya wateja. Yeye ndiye aliyekupa mlango. Lakini kauli kwamba wateja wanapenda weupe ninaikataa. Ninavyowajua, wengi wanapenda kuonekana, na kwa miaka mingi weupe ndio uliokuwa njia pekee tuliyowapa. Chagua uso mmoja wa harusi ile, uchapishe mara mbili kwa ukubwa uleule, moja ulivyohariri mwanzo na moja kutoka RAW, umwekee mezani bila maelezo. Akija mteja anayetaka kwa kinywa chake afanywe mweupe, hiyo ni sura yake na fedha ni zake. Mwonyeshe kwanza alivyotoka katika mwanga mzuri, na akisisitiza bado, mwachie Bosi aamue.

Malipo ya mama yule usiyadai kwanza. Chagua picha 20, si 412, zihariri upya taratibu kutoka kwenye RAW, na uchapishe moja ya majaribio kabla ya nyingine zote. Mwombe Bosi ruhusa uzipeleke mwenyewe. Ukifika, mpe shikamoo yake, usianze kueleza mambo ya mita wala ya mafaili. Mpe bahasha, ukae, umtazame anapofika kwenye ile ya tatu.